Shekhar Mehta: Mfalme wa Safari aliyejua gari lilale kiasi gani

ALHAMISI ya Aprili 12, 1979, mkoani Kagera kulikuwa na habari moja tu. Siku moja kabla, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wao yalikuwa yameiteka Kampala. Idi Amin, aliyevamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka siku chache baadaye, hakuwa tena mwenye Uganda.

Siku hiyohiyo, upande wa pili wa Ziwa Victoria, magari yalikuwa yanaondoka Nairobi kuanza mbio za Safari Rally. Ndani ya gari dogo la Kijapani, Datsun 160J, alikaa dereva mwembamba, mpole, mwenye asili ya Kihindi. Jina lake Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 alikuwa mmoja wa maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Amin huyohuyo.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 16, Mehta alikuwa bingwa. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, alikuwapo Hannu Mikkola wa Finland, mmoja wa madereva wakali kuliko wote duniani wakati ule, tena akiwa na Mercedes-Benz 450 SLC yenye injini ya lita 5. Datsun ya Mehta ilikuwa na injini ya lita 2.

Huo ulikuwa ubingwa wake wa pili. Akachukua tena 1980. Akachukua 1981. Akachukua 1982. Ukijumlisha na ule wa 1973, yanakuwa mataji 5 ya Safari, manne kati yake mfululizo. Shabiki wa soka anajua uzito wa jambo hilo. Simba walipobeba ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, nchi nzima ilizungumza. Mehta alifanya hivyo kwenye mashindano ambayo kumaliza tu kulikuwa sifa. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho.

Swali ni moja: gari dogo, lisilo na nguvu za kutisha, lilishindaje? Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa chini ya gari, kwenye springi na shokapu, na kichwani mwa dereva aliyejua vifaa hivyo vinaweza nini na haviwezi nini. Jibu hilo bado lina kazi leo kwa kila anayeshika usukani kati ya Bukoba na Muleba.

MTOTO WA UKOO WA SUKARI

Mehta alizaliwa Juni 20, 1945. Ukoo wake ulijulikana Uganda nzima kwa mashamba na kiwanda cha sukari cha Lugazi, kati ya Kampala na Jinja, kilichoanza mwaka 1924. Angeweza kuishi maisha ya kukagua mashamba na kuhesabu magunia. Yeye akapenda magari.

Alipofika miaka ishirini na kitu alikuwa tayari anashindana, akianza na BMW. Watu wengi walidhani ni mchezo wa kijana wa tajiri, utaisha akioa. Haukuisha. Na hata alipooa, mkewe Yvonne naye akawa mtu wa mbio, akikaa kiti cha pembeni kumsomea njia kwenye mashindano mbalimbali.

Safari ya wakati ule ilikuwa mali ya nchi tatu. Ilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa za kawaida, zile ambazo basi la abiria, lori la pamba na ng'ombe wanazitumia. Mbio zikawa zinafanyika msimu wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Saa hii vumbi halikuruhusu kuona mbele, saa ijayo tope linafika mlangoni.

Mwaka 1971 Mehta alikaribia kabisa. Akiwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, alimaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann, aliyekuwa na gari la aina ileile. Baada ya maelfu ya kilometa, waliachana kwa dakika chache tu. Ni kama kufungwa fainali kwa bao la dakika za majeruhi.

Mwaka uliofuata yakamkuta makubwa zaidi ya kupoteza mbio. Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia wote wanaoshika pasi za Uingereza waondoke ndani ya siku 90, na katika vurugu hizo hata wengi waliojihesabu kuwa Waganda wakajikuta njiani. Viwanda, maduka, nyumba na mashamba vikachukuliwa. Ukoo wa Mehta ukaondoka, na Shekhar akahamia Kenya.

Wazee wa Missenyi na Bukoba wanaielewa hadithi hiyo bila kutafsiriwa. Miaka sita baadaye Amin aliwafikia na wao. Kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa, mifugo ikaswagwa kuvuka mpaka, watu wakalala porini. Hata jina la mkoa lilibadilika baada ya vita: uliokuwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

1973: SARE ILIYOAMULIWA NA KANUNI

Pasaka ya 1973, miezi michache tu tangu apoteze nyumbani, Mehta alirudi kwenye Safari na Datsun 240Z. Msomaji wake wa njia alikuwa Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake.

Hesabu za Safari zilikuwa za adhabu. Kila kituo kina muda wake, ukichelewa unaandikiwa dakika. Mwenye dakika chache za adhabu ndiye bingwa. Mwishoni Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, wakakutwa na adhabu sawasawa. Sare. Ikabidi kanuni iamue, na kanuni ilimtazama aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kuandikiwa adhabu. Akawa Mehta.

Shabiki anayejua ligi inavyoamuliwa kwa tofauti ya mabao ataelewa. Ubingwa ule ulipatikana mwanzoni mwa mbio, si mwishoni. Ulipatikana kwenye zile kilometa ambazo wengine walikuwa wanavunja magari kwa kutafuta sifa, naye anaenda kwa kasi ambayo gari linaimudu.

Na hapo ndipo unapoanza ule ujuzi uliomtofautisha.

GARI LIKILALA KWENYE KONA

Gari likiingia kona kwa kasi, mwili wake huegemea upande wa nje. Kona ikikata kulia, mwili unalala kushoto. Abiria wa Hiace wanalijua hilo kwa mabega, kwa sababu mnajikuta wote mmemlalia mtu wa dirishani.

Kinachotokea ni kwamba uzito unahama. Tairi za nje zinabebeshwa mzigo mkubwa, za ndani zinabaki nyepesi. Uzito unaohama unategemea mambo matatu: kasi unayoingia nayo kwenye kona na ukali wa kona yenyewe, upana wa gari, na kimo cha mzigo kutoka ardhini. Gari refu, jembamba, lenye mikungu ya ndizi juu ya keria, linahamisha uzito mwingi kuliko gari fupi, pana, lenye mzigo chini.

Chini ya gari kuna vitu vitatu vinavyohusika. Springi inabeba uzito. Shokapu inaizuia springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, ili upande mmoja ukitaka kubonyea peke yake, mwingine uuzuie. Ukiweka springi ngumu au stabilaiza nene, mwili unalala kidogo zaidi.

Vijana wengi wa gereji wanaishia hapo. Gari halilali, basi ni zuri. Kumbe kuna jambo lingine nyuma yake.

Stabilaiza haiufuti uzito unaohama. Inachofanya ni kuamua ubebwe zaidi na tairi za mbele au za nyuma. Ukikaza mbele peke yake, tairi za mbele zinachoka mapema na gari linakataa kukata kona, linataka kwenda moja kwa moja shambani. Ukikaza nyuma peke yake, mkia unachomoka. Ni kama kocha anayemtoa kiungo ili aongeze beki: nyuma kumeimarika, lakini katikati sasa ni uwanja wa mpinzani.

Tena kwenye barabara mbovu kuna bei ya pili. Stabilaiza nene inaifanya miguu miwili iwe kama mmoja. Mguu wa kushoto ukipanda jiwe, wa kulia nao unavutwa juu. Tairi ikiwa hewani haikati kona, haifungi breki, haisukumi gari. Kwenye tope, hiyo ndiyo tofauti ya kupita na kukwama.

Magari ya Safari kwa hiyo hayakuandaliwa kama magari ya mbio za lami. Yalinyanyuliwa juu kidogo, siyo kushushwa. Tumboni yalifungwa bamba la chuma la kukinga injini. Maungio ya bodi yaliongezewa kuchomelewa. Springi ziliimarishwa, lakini ziliachiwa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Shokapu ndizo zilizopewa kazi nzito kuliko vyote, na mafundi walizitazama kila gari lilipofika kwao kama daktari wa timu anavyomtazama mchezaji anayechechemea.

Matokeo yake, ukitazama picha za Safari za miaka ile, magari yanalala kwenye kona. Yanalala waziwazi. Lakini tairi ziko chini.

DATSUN, GARI LA KAWAIDA

Baada ya 1973 Mehta hakushinda Safari tena hadi 1979. Joginder Singh wa Kenya alichukua 1974 na 1976, Ove Andersson akachukua 1975, Björn Waldegård 1977, Jean-Pierre Nicolas 1978. Mbio zenyewe nazo zilibadilika. Uhusiano wa nchi tatu ulikuwa umeharibika, na Safari ikabaki ndani ya Kenya.

Datsun 160J aliyopewa kwa ajili ya 1979 haikuwa gari la ndoto. Kwa umbo ilikuwa saluni ya familia, ya kumpeleka mwalimu kazini. Mbele ilikuwa na mfumo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao springi na shokapu vinakaa kwenye nguzo moja. Mfumo huo ndio ulio mbele ya saluni nyingi ndogo za Kijapani zinazofanya teksi Bukoba leo. Nyuma ilikuwa na ekseli nzima, tairi mbili zikiwa zimeshikwa na mhimili mmoja, mtindo ambao wahandisi wa Ulaya walishaanza kuuita wa kizamani.

Ila ekseli nzima ina sifa zake. Haina viungo vingi vya kuvunjika. Ikipigwa, inapindika kabla ya kukatika. Fundi anaijua hata akiwa amefungwa macho. Katika mashindano ya takriban kilometa 5,000, kitu rahisi kinachotengenezeka haraka kina thamani kuliko kitu chema kinachohitaji karakana.

Msomaji wake wa njia sasa alikuwa Mike Doughty, na wawili hao ndio walioyachukua mataji yote manne ya mfululizo. Hapo pana funzo ambalo mashabiki wa soka wanalifahamu: pacha ya washambuliaji wakishazoeana, pasi haiitishwi kwa sauti. Doughty alijua lini Mehta atapunguza mwendo, na Mehta alijua Doughty hasomi kitu ambacho hakipo.

Mehta hakuwa na sifa ya kuwa na kasi kuliko wote. Mikkola alikuwa na kasi zaidi. Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyekuwa na Opel Ascona 400 na akamaliza wa pili mwaka 1982, alikuwa na kasi zaidi. Msimu huo wa 1982 Röhrl ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Kwenye Safari, Mehta akamwacha nyuma.

Alichokuwa nacho ni kipimo. Alijua kona ipi gari litalala na kurudi, na ipi litalala na kuendelea. Alijua kwamba shokapu ikishachoka, gari halikuonyi kwa kelele: linaanza tu kuchelewa kutulia, likitoka shimo moja bado linadunda linapofika la pili. Dereva mwenye papara anaongeza mwendo wakati huo kwa sababu bado hajaanguka. Mehta alipunguza, akafika kwa mafundi, akabadilishiwa, kisha akarudi kwenye kasi yake.

Mwaka 1981, alipoendesha pia mashindano mengine ya dunia, alimaliza msimu akiwa wa tano katika orodha ya madereva wote. Kwa mtu ambaye hakuwa na timu ya kumlipia kila mbio, hiyo siyo kazi ndogo.

UWANJA MMOJA, NJUMU MBILI

Tukirudi Kagera ya leo, dereva wa Muleba ana tatizo ambalo hata Mehta angelitambua. Gari lake linacheza viwanja viwili kwa siku moja.

Barabara kuu kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba ni lami. Lami inaita kasi. Ukikata kushoto au kulia kuingia vijijini, unakutana na udongo mwekundu, mawe, mitaro iliyokatwa na mvua. Panda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na utakutana na kona zinazofuatana huku upande mmoja ni bonde.

Kaitaba kuna nyasi bandia. Mchezaji anayejua kazi yake havai pale njumu zenye meno marefu za uwanja wa tope, na akienda kucheza ndondo kijijini baada ya mvua, hawezi kuvaa zile za nyasi bandia. Gari halina nafasi ya kubadili njumu Muhutwe. Ni lazima lifungwe vifaa vinavyokubalika pande zote.

Ndiyo maana kukata springi ili gari lishuke, mtindo ambao vijana wengi wanaupenda, ni kosa la kiufundi kabla hata hujazungumzia trafiki. Ni kweli gari likishuka, uzito unakuwa chini na kona za lami zinapendeza. Lakini springi iliyokatwa imepoteza nafasi ya kufanya kazi. Kwenye shimo la kwanza inafika mwisho wake, chuma kinagonga chuma, na tairi inaruka hewani. Gari lililokuwa halilali Kemondo sasa halishiki barabara Kamachumu.

Kosa la pili ni kufunga stabilaiza nene kwenye gari ambalo bushi zimekwisha. Bushi ni zile raba zinazoshika viungo vya chini. Zikishachakaa, kila kitu kina uwazi, na dereva anahisi gari linayumba. Anadhani tatizo ni springi, ananunua springi. Pesa inakwenda, gari linaendelea kuyumba.

Mpangilio unaofaa unaanza na vitu vya bei ndogo. Kwanza mzigo: kilichoko juu ya keria kikishushwa ndani, gari linatulia bila kununua spea hata moja. Pili upepo wa tairi, uwe sawa kushoto na kulia. Tatu bushi na viungo vya stabilaiza ya kiwandani, vibadilishwe kabla ya kufikiria kingine. Nne shokapu, zibadilishwe mbili mbili, siyo ya kushoto tu kwa sababu ndiyo inayovuja mafuta. Baada ya hapo, kama gari bado linalala kupita kiasi, ndipo zije springi ngumu kidogo, zikiwa na shokapu zinazoendana nazo. Springi ngumu ikifungwa na shokapu laini, gari linadunda kama mpira.

Stabilaiza nene inakuja mwisho, kwa kiasi, na mbele na nyuma zikifikiriwa pamoja. Kisha tairi zipimwe upya zinavyoelekea, kwa sababu ukishagusa kimo cha gari, tairi hazitazami tena pale zilipokuwa zinatazama.

Hii si habari ya mashindano tu. Siku ya mechi Kaitaba, Hiace zinatoka Muleba zimejaa mashabiki, bendera madirishani, wengine wamekaa kwenye viti vya katikati ambavyo havikuwekwa na kiwanda. Wakati wa kurudi kumeshaingia giza, na matokeo yanaweza kuwa yamemuudhi dereva. Shokapu za nyuma zikiwa zimekufa, watu 20 wanaolala upande mmoja kwenye kona wanakuwa uzito ambao hauna wa kuuzuia. Hapo hakuna dakika za nyongeza.

Dereva mwenye gari lililotengenezwa vizuri bado ana mtihani. Gari likiacha kulala, linaacha pia kukuonya. Ule mlalo ndio unaomwambia dereva kwamba mpaka umekaribia. Likikazwa sana linakuwa tulivu, tulivu, kisha ghafla linateleza lote. Madereva wa Safari waliuacha mlalo kidogo kwa makusudi, kwa sababu usiku, kwenye barabara usiyoiona, ni bora uambiwe mapema.

UTAWALA UNAISHA

Mwaka 1983 Ari Vatanen wa Finland alichukua Safari na Opel Ascona 400, utawala wa Mehta ukaisha. Magari yalikuwa yamebadilika. Yalikuja yenye nguvu kubwa na yanayosukuma kwa tairi zote nne. Mehta aliendelea kushindana, lakini taji la sita halikuja.

Mwaka 1987, kwenye mbio za Pharaohs jangwani Misri, akiwa na Peugeot, alipata ajali mbaya. Mtu aliyejulikana kwa kuyafikisha magari mwisho aliumia vibaya, na maisha yake ya udereva wa mashindano yakakoma.

Hakuuacha mchezo. Aliingia kwenye uongozi wa shirikisho la kimataifa la magari, FIA, na akaja kuongoza tume yake ya rali. Mkimbizi wa 1972 akawa mmoja wa waliokaa mezani kuamua mbio za dunia ziende vipi. Alifahamika kwa adabu na usemi wa taratibu, sifa ambazo hazipatikani kirahisi kwenye mchezo wenye kelele namna ile.

Shekhar Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, baada ya kuugua, akiwa na miaka 60. Ilikuwa imetimia miaka 27 kamili tangu asubuhi ile Kagera ilipoamka ikijua Amin ameanguka.

Tangu hapo wamekuja wakali wengi. Waldegård alifikisha mataji 4 ya Safari. Juha Kankkunen na Colin McRae walifikisha 3 kila mmoja. Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na magari ya sasa yana springi na shokapu ambazo mafundi wa Datsun wasingeziota. Mataji 5 ya mzaliwa wa Uganda aliyepoteza nyumbani na kuanza upya Kenya hayajavunjwa na dereva yeyote kati yao.